Kabla hujalipia waranti ya nyongeza ya PS5 hapa Dodoma

Nianze na msimamo wangu ili mwenye haraka asihangaike kusoma hadi chini. Kwa wengi wetu tunaoishi Dodoma, waranti ya nyongeza ya mashine ya gemu haifai kulipiwa, isipokuwa karatasi yake iwe inabeba hitilafu ya umeme (au ya kisomeo cha diski, kama unacheza za diski), na anayeitoa awe na kaunta hapa hapa mjini. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana, hela yako ina kazi nyingine. Sisemi waranti ni utapeli. Nimeshuhudia ikimwokoa mtu na nimeshuhudia ikimwacha mwingine solemba, na tofauti yao ilikuwa kwenye mistari michache ya karatasi ambayo wengi hatuna desturi ya kuisoma.

Nilipokwenda kuchukua PS5 yangu kwenye duka moja hapa mjini, kijana wa mauzo aliniambia kwa upole, "Kaka, ongeza laki mbili nikuwekee miaka miwili, ulale usingizi." Nikamwomba karatasi niisome kwanza. Alishangaa kidogo, akapekua droo, akarudi na kopi iliyotolewa kopi tena na tena mpaka herufi zimefifia. Mbele kulikuwa na jina la duka na maneno MIAKA MIWILI kwa maandishi makubwa. Nyuma, kwa maandishi ya kukodolea macho, kulikuwa na vitu ambavyo waranti haihusiki navyo: umeme kupanda au kushuka, radi, kuanguka, kumwagikiwa kitu, vumbi, wadudu, pedi ya kuchezea, kebo, tundu lililovunjika, mashine iliyofunguliwa na fundi mwingine, mashine inayotumika kibiashara. Halafu chini kabisa: miaka miwili inahesabiwa tangu siku ya kununua. Yaani mwaka wa kwanza, ambao duka lilikuwa tayari linanipa bure, umo humo humo ndani ya ile miwili ninayoambiwa nilipie.

Nikamuuliza, "Sasa mdogo wangu, kinachobaki ni nini?" Akacheka. "Kinabaki kile cha kiwandani, kaka."

Alisema kweli, na hapo ndipo penye hesabu. Kifaa chenye kasoro ya kiwandani kwa kawaida hujionyesha mapema, wiki au miezi ya mwanzo, wakati waranti ya bure bado inasoma. Kikivuka hapo hutulia, kisha huanza kuchoka baada ya miaka kadhaa kwa sababu ya joto na matumizi. Waranti ya nyongeza inakaa katikati, kwenye kile kipindi cha utulivu. Sasa tuseme mashine ni milioni moja na laki sita, na nyongeza ni laki mbili. Hiyo ni sehemu moja ya nane ya bei. Ili wewe na muuzaji mtoke sare, katika kila mashine nane anazouza kwa mtindo huo, moja inabidi ife kabisa, isitengenezeke, ndani ya muda huo, tena kwa sababu anayoikubali yeye. Mashine nyingi hazifi hivyo. Zinaharibika kitu kimoja kinachotengenezeka, na mara nyingi bei ya fundi haifiki hiyo laki mbili. Mwenye mapenzi na gemu mwenzangu, piga hesabu hiyo mwenyewe kwa bei utakayoambiwa dukani, usichukue ya kwangu.

Tuje kwenye kinachoua mashine huku kwetu, maana orodha ile ya nyuma ya karatasi ni kama iliandikwa na mtu aliyewahi kupanga chumba Dodoma.

Cha kwanza ni umeme. Pawa saplai, kile kipande cha ndani kinachopokea umeme wa ukutani, ya PS4 na PS5 inapokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo hata ikitoka Marekani haina shida na volti 230 zetu. (Xbox 360, mashine ya gemu ya Microsoft, zile zilizouzwa Marekani ni habari nyingine: pawa saplai yake ni ya volti 120, ukiichomeka moja kwa moja ukutani umeshaichoma.) Tatizo letu ni umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, na umeme unaoyumba. Tangu serikali ihamie huku mji unajengwa kila upande, na ukikaa mitaa kama Nzuguni au Ilazo unajua ninachosema: jirani akiwasha mashine ya kuchomelea mageti, taa zako zinapepesa. Taa inavumilia. Pawa saplai inavumilia pia, kwa muda.

Cha pili ni vumbi. Kuanzia Mei mpaka mvua za Desemba, upepo wa Dodoma unaingiza vumbi hata ndani ya kabati lililofungwa. Nimesimama pembeni ya fundi mmoja wa mtaa wa Majengo akifungua PS4 iliyokuwa inajizima yenyewe katikati ya mechi. Alipoinua feni, vyuma vya kupoozea havikuonekana. Palikuwa na kitu kama kipande cha blanketi la kahawia, kimeshikana, akakivuta kwa koleo kikatoka kizima. Chini ya pawa saplai kulikuwa na mende wakavu watatu. Mende wanapenda joto la pale, na mafundi wa PS4 wamezoea kuwakuta. Hakuna kilichokuwa kimeharibika kwenye mashine hiyo. Alisafisha, akabadilisha pesti ya joto, ikawaka, feni ikanyamaza. Ukiipeleka mashine ya namna hiyo kwenye kaunta ya waranti, ikifunguliwa tu mazungumzo yameisha.

Cha tatu ni watoto na tundu la HDMI, lile la kebo inayokwenda kwenye TV. Mpwa wangu aliivuta TV ageuze iangalie kochi, kebo ikang'ang'ania, tundu likang'oka upande. Fundi alilitoa, akachomelea jingine jipya chini ya lenzi, elfu themanini. Waranti niliyoikataa isingegusa hilo.

Mdogo wangu yeye ana banda la gemu Chang'ombe, la kulipia kwa mechi. Alikuwa amezilipia PS4 zake mbili waranti ya nyongeza kwenye duka jingine, akiamini ndiyo kinga ya biashara. Jioni moja umeme ulirudi kwa mkupuo na mashine hizo mbili zikanyamaza, hata mlio wa kuwaka hakuna. Alipozifikisha dukani, wa kaunta alizitazama juu, akaona namba 2 na namba 3 zimechorwa kwa rangi ya kucha kama wenye mabanda wanavyofanya, akauliza, "Hizi si za banda hizi?" Ikawa mwisho. Si duka hilo peke yake. Hata waranti ya Sony yenyewe, anayetengeneza PS4 na PS5, haihusu mashine inayotumika kibiashara, ikiwemo kukodisha. Kwa hiyo wenye mabanda, ambao ndio mnaohitaji kinga kuliko sisi wa nyumbani, ndio wa kwanza kukatwa. Kama muuzaji hakuandikii kwa kalamu kwamba matumizi ya biashara yanakubaliwa, usimpe hata mia. Pawa saplai zote mbili alibadilishiwa na fundi, moja ikatolewa kwenye PS4 iliyokufa bodi, na zinapiga kazi mpaka leo.

Kuna wanaoniambia, mbona mtengenezaji naye ana waranti yake? Anayo, kwa kawaida mwaka mmoja, na kasoro ikiwa kubwa kweli huwa anaibeba. Mwaka 2007, Xbox 360 zilipokuwa zinakufa na kuwasha taa tatu nyekundu, Microsoft iliongeza waranti ya tatizo hilo hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni moja. Lakini waranti hizi zinafuata soko ambako mashine iliuzwa. Geuza boksi la PS5 utafute namba inayoanza na CFI. Ikiishia 15A ilitengwa kwa soko la Marekani, 16A ni la Ulaya na majirani zake, 00A ni Japani. Nyingi za kwetu zimepitia Dubai au mkononi mwa mtu aliyekuja likizo. Kudai waranti hiyo ukiwa mtaa wa Kisasa hapa Dodoma maana yake ni kutafuta mtu wa kuirudisha ilikotoka, kwa gharama yako.

Ndiyo maana nasisitiza kaunta iwe mjini. Duka la Kariakoo linaweza kukupa waranti safi kabisa, ila mashine ikigoma utaifunga kwenye boksi, utaituma Dar, utasubiri, utapiga simu, utaambiwa fundi hayupo, na nauli ya mzigo kwenda na kurudi ni yako. Treni ya SGR imerahisisha safari kweli, lakini siku yako ya kazi hairudishwi.

Sasa upande wa pili, maana nimesema waranti imewahi kuokoa. Dada mmoja ninayefanya naye kazi Mtumba, kwenye mji wa serikali, alinunua PS5 kwa duka lenye kaunta mjini, na karatasi yake iliandikwa wazi: kisomeo cha diski kikigoma, mteja anabadilishiwa mashine. Mwaka wa pili ikaacha kusoma diski. Hilo ni tatizo ambalo fundi wa mtaani analiogopa, na ana haki, kwa sababu kisomeo cha PS4 na PS5 kimeunganishwa kimfumo na bodi kuu yake. Ukichukua kisomeo cha mashine nyingine na saketi yake ukapachika, diski hazichezi. PS5 zile nyembamba zina kisomeo kinachochomoleka, lakini nacho kinahitaji intaneti ili kisajiliwe kwenye mashine. Dada yule alikwenda na risiti, akapewa nyingine. Pale laki yake ilifanya kazi. Kama wewe ni mtu wa diski, unayenunua na kubadilishana na wenzako, kifungu hicho ndicho cha kukitafuta kwenye karatasi. Kama gemu zako zote unapakua, usilipie kinga ya kitu usichokitumia.

Mimi ile laki mbili niligawa. Sehemu ilikwenda kwenye UPS ya VA 650, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika, ambayo inatosha PS5 na TV ndogo kwa dakika za kusevu na kuzima taratibu. Ukutani niliweka friji gadi, ile ile ya jokofu, ambayo umeme ukirudi inasubiri kwanza ndipo iruhusu. Iliyobaki nimeiacha kwenye simu, mahali nisipoigusa, na ndiyo iliyolipa tundu la HDMI. Pia nimeacha kuilaza PS5 kwenye hali ya mapumziko usiku. Naizima kabisa, kwa sababu umeme ukikatika ikiwa nusu usingizi, kumbukumbu inaweza kuvurugika. Wakati wa kiangazi navua yale maganda ya pembeni, yanatoka bila kufungua skrubu, kuna matundu mawili yaliyotengenezwa kukusanya vumbi, nayafyonza. Ukitumia bloa, shikilia feni isizunguke kwa kasi ya upepo.

Hata usiponunua nyongeza, huendi mikono mitupu. Kile kibao cha "mali ikishauzwa hairudishwi" hakiifuti sheria: Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka kitu kilichouzwa kifae kwa kazi yake, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji, malalamiko yakipokelewa na Tume ya Ushindani, FCC. Lakini bila risiti unaanza na mguu mmoja. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hakikisha namba ya mashine imeandikwa kwenye karatasi ya waranti, na uipige picha risiti siku hiyo hiyo, kwa sababu karatasi ya risiti ikikaa kwenye joto inafutika ikabaki nyeupe.

Neno kwa wanaonunua za mkononi: ukiambiwa "bado ina waranti", omba risiti halisi na uulize duka kwa simu kama inahamishika kwa mmiliki mwingine. Nyingi hazihamishiki. Na mashine iliyochezewa mfumo ili ipige gemu za kunakili haina waranti yoyote, hata muuzaji aape.

Pedi sijaigusa, maana waranti nyingi za nyongeza nazo haziigusi. Ile hali ya mchezaji kutembea mwenyewe bila wewe kusukuma stiki inatokana na kulika kwa vipande vidogo ndani yake, na kwa matumizi ya kila siku itakuja tu. Ukiwa bado dukani na hela ziko mkononi, zungumzia bei ya pedi ya pili. Muuzaji aliyekuwa tayari kukuongezea miaka miwili ya maneno mara nyingi anaweza kukupunguzia elfu ishirini ya kweli.