Maswali na Majibu: Maktaba ya Chuo Kikuu Inapimwaje?

Maktaba yetu ina vitabu vingi kuliko ya chuo jirani. Je, tumewashinda?

Bado. Wingi wa vitabu unaonyesha mlichonunua tu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, uliochapishwa mwaka 1979, ulifuatilia vitabu vilivyoingia maktabani mwaka 1969: karibu asilimia 40 havikuazimwa hata mara moja katika miaka 6 ya kwanza. Fedha zilitoka na rafu zikajaa, lakini msomaji hakufikiwa.

Hatuna fedha za kuajiri mtaalamu. Tuanzie wapi?

Rafuni. Chagueni kwenye katalogi vitabu 100 bila kupendelea, kisha mkutubi aende rafuni na orodha yake kuvitafuta, kimoja kimoja, kama mwanafunzi aliyetumwa na mwalimu wake. Kila kisichopatikana, aandike sababu: kimeazimwa, kimepangwa pasipo pake, kimepotea, au kimerudishwa na bado kipo kwenye kigari kikingoja kupangwa. Msiishie kwenye asilimia ya vilivyopatikana, kwa maana sababu ndizo zenye kazi. Kilichoazimwa kila mara kinahitaji nakala zaidi au muda mfupi wa kuazima. Kilichokwama kwenye kigari hakihitaji hata senti, kinataka zamu ya kupanga vitabu ibadilishwe. Nimeona maktaba zikiomba bajeti ya kununua vitabu ambavyo tayari zinavyo! Kipimo cha namna hii kimo pia katika ISO 11620, kiwango cha kimataifa cha viashiria vya utendaji wa maktaba kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1998.

Uongozi unataka tupunguze gharama. Gharama ndogo ndiyo ufanisi?

La. Maktaba inayofungwa saa nane mchana hutumia fedha kidogo sana. Gawanyeni gharama kwa huduma iliyotolewa, na mjilinganishe na vyuo vinavyofanana na chenu kwa ukubwa na kwa masomo.

Na majarida ya kielektroniki?

Chukueni ada ya mwaka, gawanyeni kwa idadi ya makala zilizofunguliwa. Jarida la dola 3,000 lililofunguliwa mara 1,500 limegharimu dola 2 kila mara. Likifunguliwa mara 10, ni dola 300. Waombeni wachapishaji takwimu zinazofuata kanuni za COUNTER, utaratibu wa kimataifa wa kuhesabu matumizi ya machapisho ya kielektroniki, la sivyo kila mmoja atahesabu atakavyo. Ila msikate jarida kwa namba hiyo peke yake. Idara yenye watafiti wanne haiwezi kufungua makala nyingi kama kitivo cha tiba, na huenda jarida hilo ndilo tegemeo lao pekee.

Wanafunzi waliojaza dodoso wanasema wameridhika. Inatosha?

Mliwauliza wapi? Kama dodoso liligawiwa mlangoni, mmewasikia wanaokuja tu; aliyekata tamaa muhula uliopita hakuulizwa. Wapelekeeni madarasani na kwa barua pepe. Tena, swali la "umeridhika?" ni jepesi mno. Dodoso la LibQUAL+, lililoanza Marekani mwaka 2000, humtaka msomaji ataje mambo matatu kwa kila huduma: kiwango cha chini anachoweza kuvumilia, anachotamani, na anachokipata. Mkikuta anachokipata kiko chini ya anachoweza kuvumilia, anzieni hapo hapo, hata kama wastani wa jumla unapendeza.