Kabla ya Kusema Filamu Imekiharibu Kitabu

Hapa Kisumu, ukikaa na watu wanaopenda filamu za bunilizi ya kisayansi, jioni haiishi kabla jina la Denis Villeneuve halijatajwa, na likishatajwa, kikao hugawanyika papo hapo. Wapo wanaomhesabu kuwa mwelekezi bora zaidi wa filamu za aina hiyo katika kizazi chetu, na wapo wanaoshikilia kwamba kazi yake ni mandhari makubwa, muziki mzito na watu waliokunja nyuso bila kusema neno. Nimeshiriki mabishano haya kwa miaka kadhaa, mara nyingi nyumbani kwa rafiki yetu mmoja wa Milimani mwenye projekta na ukuta mweupe, na mara nyingine ndani ya matatu ya kurudi Kondele baada ya filamu kwisha. Baadhi ya mijadala hiyo ilinifanya niitazame filamu upya kesho yake. Mingine iliishia kwa watu wawili kurudia kauli zilezile huku sauti zikizidi kupanda. Kwa maoni yangu, kilichoitofautisha ni swali lililoulizwa mwanzoni, na ushauri wangu unahusu swali hilo. Siwezi kuueleza bila kutaja jinsi hadithi zinavyoishia, kwa hiyo asiyependa kuharibiwa utamu azitazame filamu kwanza, kisha arudi.

Swali linaloua mjadala ni hili: je, filamu imekifuata kitabu? Jibu lake siku zote ni hapana, na hakuna cha kuzungumza baada ya hapo. Villeneuve, mzaliwa wa Quebec nchini Kanada, anafaa sana kuonyesha jambo hili kwa sababu sehemu kubwa ya filamu zake mashuhuri ilianzia kwenye kazi za watu wengine. Incendies ya 2010 ilitokana na tamthilia ya Wajdi Mouawad. Enemy ya 2013 ilitokana na riwaya ya José Saramago. Arrival ya 2016 ilitokana na hadithi ya Ted Chiang iliyochapishwa 1998. Blade Runner 2049 ya 2017 iliendeleza filamu ya Ridley Scott ya 1982, ambayo nayo ilikuwa imechota kutoka riwaya ya Philip K. Dick ya 1968. Kisha zikaja filamu mbili za Dune, 2021 na 2024, zilizokigawanya kitabu kimoja cha Frank Herbert cha 1965.

Yeyote aliyesoma sekondari nchini Kenya anaujua mchezo huu tangu zamani, hata kama hakuupa jina. Vikundi vya waigizaji huzunguka shuleni kuigiza vitabu teule, na riwaya nzima hukamuliwa ikawa igizo la saa chache katika ukumbi wa kulia chakula. Mwanafunzi aliyetegemea igizo peke yake alijikuta pabaya swali la dondoo lilipokuja, lakini mwenzake aliyekuwa amekisoma kitabu aliona jukwaani mambo ambayo hakuyaona kwenye kurasa, kwa mfano jinsi mhusika fulani anavyonyamaza wengine wanapomsema. Aliyetunga igizo alikuwa amefanya maamuzi: nani aachwe, nani aunganishwe na nani, tukio gani liletwe mbele. Hayo ndiyo yanayobishaniwa kwa manufaa. Chagua uamuzi mmoja wa mwelekezi, useme waziwazi ni upi, kisha uulize umebadilisha nini katika hadithi nzima.

Uamuzi uliotugharimu jioni nyingi zaidi ni ule uliomhusu Chani katika filamu ya pili ya Dune. Kitabuni, Chani, mmoja wa Wafremen, watu wa jangwani, ni mwandani kwa moyo wote wa Paul Atreides, kijana wa ukoo wa kitawala aliyekimbilia kwao. Wanapata mtoto wa kiume, anayeuawa katika shambulio, na mwishoni Paul anapokubali kumwoa binti wa mtawala ili apate kiti cha enzi, Chani anabaki kuwa suria, akifarijiwa na mama yake Paul, Jessica, kwamba historia itawaita wao ndio wake. Filamuni hakuna mtoto. Muda wenyewe umebanwa: kitabuni dada yake Paul, Alia, anazaliwa, anazungumza kama mtu mzima na ndiye anayemuua Baron Harkonnen, adui mkubwa wa ukoo wao, lakini filamuni vita vinakwisha Jessica angali mjamzito, na Paul anamuua Baron kwa mkono wake. Chani wa filamu anawapigania watu wake bila kuuamini utabiri unaomfanya Paul kuwa mkombozi. Wengine wote wanapopiga magoti, yeye anasimama wima, anatoka, na picha ya mwisho inamwonyesha peke yake jangwani akimngojea mnyoo mkubwa ampande aondoke.

Mwenzetu mmoja ambaye ni mwalimu wa fasihi alikasirika kwelikweli. Kwake, mwelekezi alikuwa amemtoa Chani katika dunia yake akampa fikira za watu wa leo, na hilo ni kosa dhidi ya mwandishi. Hoja hiyo ilizunguka kwa muda bila kupiga hatua, hadi mtu alipouliza badiliko lile linafanya kazi gani. Hapo ikabidi turudi kwa Herbert mwenyewe. Mwandishi huyo alisikitika kuona wasomaji wengi wakimpokea Paul kama shujaa wa kushangiliwa, ilhali alikusudia kuonya juu ya viongozi wanaoabudiwa, na kitabu cha pili, Dune Messiah cha 1969, kililikaza onyo hilo. Katika kitabu cha kwanza onyo limefichwa ndani ya kichwa cha Paul: kwa uzungumzi nafsia tunajua kwamba anaona mauaji yatakayofanywa kwa jina lake, na kwamba anayaogopa. Kamera haiwezi kukaa kichwani mwa mtu kwa kurasa mia tatu. Shaka ile ilihitaji uso, na Villeneuve akaipa uso wa Chani. Mimi hushikilia kwamba hapo ndipo filamu ilipokiacha kitabu mbali zaidi kwa matukio na kukikaribia zaidi kwa dhamira.

Mwalimu hakunyamaza, na jibu lake lilikuwa zuri kuliko hoja yake ya kwanza. Alisema bei ya uamuzi huo ililipwa na Wafremen wengine. Ili Chani awe mwenye shaka, filamu iliwagawa watu wa jangwa kuwa wa kaskazini wanaoucheka utabiri na wa kusini wanaoupokea bila kuuliza, na Stilgar, ambaye kitabuni ni kiongozi mwenye busara na ujanja wa kisiasa, mara kwa mara anageuka kuwa mtu wa kuchekesha kwa imani yake. Sikuwa na jibu la kutosha, na mpaka leo sina. Hata hivyo mjadala ulikuwa umetoka kwenye "wameharibu" na kufika mahali ambapo kila upande ulilazimika kutaja tukio, mhusika na matokeo.

Sisi wa kandokando ya ziwa hili tuna sababu ya kulielewa jambo hili haraka. Hadithi ya Luanda Magere, shujaa wa Kano ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na nguvu zake zilikuwa katika kivuli chake, kila mmoja wetu aliisikia kwa bibi au babu, na hakuna wawili walioisikia sawa. Kwa wasimulizi wa Kijaluo, mke aliyeolewa kutoka kwa adui na kuipeleka siri kwao ni msaliti. Msimulizi wa upande wa pili wa vita angemwita mkombozi bila kubadilisha tukio hata moja. Kubadilisha macho yanayoitazama hadithi ni uamuzi mzito kuliko kukata sura nzima ya kitabu, na ndio uamuzi ambao mashabiki huusahau mara nyingi wakiwa mbioni kuhesabu vilivyokatwa.

Njia ninayoipendekeza kuliko zote, pale inapowezekana, ni kutazama tukio moja katika filamu mbili zilizotoka kwenye kitabu kimoja. Dune ilikwisha kufanyiwa filamu na David Lynch mwaka wa 1984, naye alijaribu kukimaliza kitabu chote kwa dakika 137, wakati filamu mbili za Villeneuve zina dakika 155 na 166. Tulichukua tukio la jaribio la maumivu, ambapo Paul analazimishwa kuingiza mkono ndani ya kisanduku huku sindano ya sumu ikiwa shingoni mwake. Lynch anatusikizisha mawazo ya Paul kwa sauti na kutuonyesha mkono ukiungua. Villeneuve anatuonyesha Jessica akiwa nje ya mlango, na maneno ya kuishinda hofu, ambayo kitabuni Paul anayakariri moyoni, yanatoka kinywani mwa mama anayetetemeka ukumbini, huku ndani tukiuona uso wa kijana. Kitendo ni kilekile, lakini tukio limegeuka kutoka ujasiri wa kijana hadi hofu ya mzazi aliyemtoa mwanawe mhanga kwa mipango ya watu wake. Lirudieni mara mbili, taa zikiwa zimezimwa na simu zikiwa zimewekwa kando, na mtaona kwamba hakuna atakayesema tena kuwa Villeneuve hana analosema kwa sababu wahusika wake hawasemi sana.

Kabla ya lolote, hakikisheni mmetazama kitu kimoja. Hili linaonekana dogo lakini limewahi kutupotezea jioni nzima, watu wawili wakibishana kama Deckard, mhusika mkuu wa Blade Runner, ni binadamu au ni kiumbe aliyetengenezwa, mmoja akiwa ametazama toleo la 1982 lenye sauti ya Harrison Ford ikisimulia na mwisho wa furaha, mwingine akiwa na toleo la 2007, lisilo na usimulizi huo wala mwisho huo, na lenye ndoto ya farasi mwenye pembe moja ambayo ndiyo msingi wa hoja yake yote. Dune ya Lynch nayo ilirefushwa kwa ajili ya televisheni, na mwelekezi akalitoa jina lake katika toleo hilo. Tena tusijifanye hatujui kwamba Wakenya wengi walizipokea filamu za kigeni kwanza kupitia DJ Afro, katika vibanda vya video, akiwapa wahusika maneno ambayo hakuna mwandishi wa Hollywood aliyeyaandika. Mimi siwadharau waliozitazama hivyo, kwa kuwa huko nako ni kuigeuza kazi ya mtu kwa ustadi. Ninachoomba ni kwamba mtu aseme mapema ameona ipi.

Anayempenda mwelekezi naye aje na uamuzi mmoja anaoulaumu. Wangu unatoka katika Arrival, ingawa ni filamu ninayoipenda kupita zote za Villeneuve. Mwanzoni tunadhani matukio ya mama na bintiye ni mbinu rejeshi, kumbe ni mambo yajayo; lugha ya viumbe waliokuja kutoka anga za mbali imempa mama huyo, mtaalamu wa lugha Louise Banks, uwezo wa kuona wakati wote kwa pamoja. Katika hadithi ya Chiang, binti anafariki akiwa na miaka 25, kwa ajali ya kupanda milima. Katika filamu anafariki akiwa angali mdogo, kwa ugonjwa usio na tiba. Tazama kilichopotea. Ajali ingeweza kuzuiwa kwa neno moja la onyo, na mama anayeijua mapema bila kusema neno hilo anatulazimisha kuuliza kama kuijua kesho kunaacha nafasi yoyote ya hiari. Chiang aliijenga hadithi yake juu ya swali hilo, akaliegemeza kwenye fizikia ya jinsi mwanga unavyochagua njia. Ugonjwa usiotibika unaliondoa swali na kutuachia huzuni, huzuni nzuri sana, lakini rahisi zaidi. Wenzangu wamenijibu kwamba mtazamaji wa sinema angemchukia Louise kama binti angekufa kwa ajali. Huenda ni kweli. Nami ningependa filamu iliyothubutu kuchukiwa.

Kuhusu vitabu, msimlazimishe kila mtu kusoma, wala aliyesoma asikigeuze kitabu kuwa rungu. Hadithi ya Chiang ni fupi na inasomeka kwa kikao kimoja. Dune ni ndefu. Nakala moja ya mtumba inaweza kuzunguka kundi zima, mradi kila mmoja aweke alama pale alipoona filamu imeachana nayo. Na mkitaka kuacha kujadili wageni peke yao, anzeni jioni na Pumzi ya Mkenya Wanuri Kahiu, filamu fupi ya 2009 inayochukua dakika ishirini na kitu, ambamo watu wa baadaye huchuja jasho na mkojo wao wapate maji ya kunywa. Baada yake, mavazi ya Wafremen ya kuhifadhi maji ya mwili hayataonekana tena kama pambo la dunia ya kigeni.

Kwa sasa tunabishana juu ya filamu ya tatu, inayotokana na Dune Messiah. Kitabu hicho kinaanza Chani akiwa kando ya Paul, akitamani kumzalia mrithi, na njama nzima inazunguka tumbo lake. Villeneuve alimwacha akiondoka kwa hasira. Mwalimu anasema mwelekezi amejifungia mlango na atalazimika kumrudisha Chani kwa maelezo ya haraka yatakayomvunjia heshima. Mimi nasema Chani akirudi akiwa bado hamwamini Paul, mimba hiyo itakuwa na uzito ambao Herbert hakuwahi kuupa. Tumekubaliana jambo moja tu, kwamba kila mmoja aandike utabiri wake kwenye karatasi kabla filamu haijatoka, na karatasi zikae kwa mwenye projekta.