Barua kwa mwanangu: ovataimu yako na makato ya PAYE

Mwanangu,

Marahaba. Huku Morogoro hatujambo, baba yako kifua kimepungua na anakusalimu.

Picha ya slipu nimeiona, nimeikuza mpaka nikasoma mstari kwa mstari. Unauliza kwa nini mwezi uliofanya saa 40 za ovataimu PAYE, ile kodi ya mapato ambayo mwajiri anaikata kwenye mshahara, imeruka kutoka shilingi 21,300 hadi 53,700. Tena unauliza kama ni kweli alivyosema mwenzako hapo kiwandani, kwamba ovataimu ina kodi yake kubwa kuliko ya mshahara, bora mtu aiache.

Si kweli, baba. Miaka yote niliyokaa kwenye meza ya mishahara sijawahi kukata kodi ya ovataimu peke yake, kwa kuwa haipo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inakusanya mshahara, ovataimu, bonasi na posho, inavihesabu kuwa pato moja la ajira. Kwanza unatolewa mchango wako wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 10, na kinachobaki ndicho kinachopelekwa kwenye jedwali la PAYE.

Jedwali la Bara ni hili: 270,000 za kwanza hazikatwi kitu. Kuanzia hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8 (ilikuwa 9, ikashushwa Julai 2021). Kutoka 520,000 hadi 760,000 ni asilimia 20, kisha 25 mpaka milioni moja, na kinachozidi milioni ni 30. Kila kiwango kinakata kipande chake tu. Watu wengi wanapotea hapo: wanadhani ukiingia kwenye asilimia 20, mshahara wote unakatwa 20.

Sasa tazama yako. Mshahara wa msingi ni 585,000. Toa NSSF 58,500, inabaki 526,500. Maana yake mshahara wako peke yake umeshamaliza sehemu isiyokatwa na sehemu ya asilimia 8, na umevuka kidogo, 6,500 tu, kuingia kwenye asilimia 20. Ovataimu ikija inakaa juu, kama lumbesa juu ya gunia, na yote inaangukia kwenye hiyo 20. Ulilipwa ovataimu 180,000. NSSF ilichukua 18,000, ikabaki 162,000, na asilimia 20 yake ni 32,400. Jumlisha na 21,300 ya kila mwezi, unapata 53,700 hiyo hiyo iliyokushtua. Katika ile 180,000, mkononi mwako ziliingia 129,600. Kwa jedwali hili hakuna namna mtu afanye saa nyingi zaidi halafu PAYE imfanye aondoke na pesa kidogo kuliko kama angelala nyumbani. Umwambie mwenzako hivyo, kwa upole.

Kuhusu habari za Marekani ulizoziona kwenye simu, kwamba wamefuta kodi ya ovataimu: sheria yao ilisainiwa tarehe 4 Julai 2025, ni ya mwaka 2025 hadi 2028, na haikufuta yote. Kinachoondolewa kwenye hesabu ya kodi ya mapato ya serikali kuu ni ile nusu inayoongezwa juu ya malipo ya kawaida ya saa tu, ukomo dola 12,500 kwa mwaka kwa mtu mmoja, na makato ya hifadhi ya jamii yanabaki palepale. Kwetu hakuna nafuu ya aina hiyo.

Ila mimi PAYE yako hainisumbui. Nilichokitafuta kwenye slipu ni bei ya saa, maana huko ndiko wafanyakazi wanakoumia bila kujua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inasema mshahara wa mwezi ugawanywe kwa saa zako za wiki mara 4.333, wastani wa wiki za mwezi. Wewe unafanya 45, kwa hiyo ni kama 195. Gawa 585,000 kwa 195, saa moja ni 3,000, na ovataimu isipungue mara moja na nusu, yaani 4,500. Kwako wamelipa sawasawa. Lakini ziko ofisi zinazogawa kwa 240, siku 30 mara saa nane, kana kwamba mtu anafanya kazi siku zote za mwezi. Kwa hesabu hiyo ovataimu yako ingekuwa 3,656 na senti kwa saa, na kwa saa 40 ungepoteza 33,750. Hiyo imezidi hata ile nyongeza ya kodi ya 32,400 unayoilalamikia, na haiendi kujenga barabara wala zahanati. Inaniuma sana nikiiona.

Angalia pia siku yako ya mapumziko na sikukuu: hizo ni mara mbili, 6,000 kwa saa. Na saa za kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi zina nyongeza ya asilimia 5, ambayo kwenye ovataimu inapigwa juu ya ile 4,500, siyo juu ya 3,000.

Wakikuambia mchukue ovataimu mkononi bila kuandikwa ili mkwepe makato, kataa. Kwa mwezi kama huu ungekosa mchango wako wa 18,000 na mwingine kama huo wa mwajiri, na siku ya mafao huna karatasi ya kuonyesha. Wala wasilimbikize. Ovataimu ya miezi mitatu kama huu ikilipwa kwa mkupuo, jedwali la mwezi linakupandisha hadi asilimia 30, na unalipa kodi 13,250 zaidi ya ambayo ungelipa kwa kulipwa kila mwezi.

Kwa hiyo kama unataka kupunguza saa, punguza kwa sababu ya mgongo wako na usingizi, siyo kwa sababu ya PAYE. Sheria yenyewe inaweka ukomo wa saa 50 za ovataimu katika wiki nne, na ni kwa makubaliano. Saa 40 ni nyingi, mwanangu.

Anza kuandika saa zako kwenye daftari, siku, muda wa kuingia na wa kutoka, na umwombe msimamizi asaini. Slipu ya mwezi ujao nitumie pamoja na ukurasa huo, nivilinganishe.

Mama yako