Mji hauzirai

Swali: Nafundisha historia kidato cha tatu. Katika notsi za wanafunzi nimeandika: "Mwaka 30 KK Iskandaria ilianguka mikononi mwa himaya ya Roma, mwaka 642 ikaanguka mikononi mwa himaya ya Waarabu, na mwaka 1517 ikaanguka mikononi mwa himaya ya Waturuki." Mwalimu mwenzangu anadai niandike "dola", si "himaya". Nani kapatia? (Mwalimu, Tanga)

Jibu: Mwenzako, ila kwa goli la dakika za mwisho. Himaya, kwa asili yake ya Kiarabu, ni ulinzi. Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, Misri mwaka 1914, na mlinzi alijua vizuri analinda mali ya nani. Kwa Roma mimi huandika dola, neno ambalo mzizi wake wa Kiarabu una habari ya kupokezana zamu, nalo linaufaa mji uliopokezanwa kama huo. Lakini himaya kwa maana ya dola kubwa imeshaota mizizi, vitabu vimejaa, nami nimechoka kushindana nayo. Iache.

Sasa, mwalimu, hili la kuanguka mikononi. Mara tatu katika sentensi moja!

Kwa Kiswahili anayeanguka mikononi mwa mwenziwe ni aliyezirai. Bibi harusi kaanguka mikononi mwa shangazi yake, watu wanampepea kwa mitandio, mmoja kakimbilia maji. Ndivyo ninavyouona mji wako: Iskandaria nzima, na kuta zake na bandari zake mbili, macho juu, miguu imelegea, na Amr ibn al-As, jemadari wa Waarabu, kaiwahi kabla haijagonga chini. Ilikwisha kuzirai kwa Octavian wa Roma, na itazirai tena kwa Sultani Selim wa Waturuki. Mji huu una presha?

Na huyo Amr alidaka nini? Mkataba ulifungwa mwaka 641, Warumi wa Mashariki wakapewa miezi kumi na mmoja, wakafungasha, wakapanda merikebu zao wakaenda. Mji ulikabidhiwa. Mwaka 645 wakarudi kwa bahari wakaunyakua, na mwaka uliofuata Amr akauteka, safari hii kwa upanga. Mwanafunzi wako atayajuaje haya, ikiwa kwako kila kitu ni kuanguka tu?

Mwaka 1365 Mfalme Peter wa Cyprus aliuvamia, akaupora kwa siku chache, akatweka matanga na shehena yake. Utaangukaje mikononi mwa mtu aliyekwisha kuondoka? Mwaka 1517 mambo yaliamuliwa vitani karibu na Cairo, Iskandaria ikachukuliwa pamoja na Misri nzima. Mwaka 1882 manowari za Waingereza ziliupiga mizinga kutoka baharini. Kuteka, kutwaa, kunyakua, kupora, kukabidhiwa, kusalimu amri: kabati limejaa nguo, nawe kila siku unatoka na shati lile lile la mtumba, tena la saizi ya Mzungu.

Kilichoanguka Iskandaria, kuanguka kwa haki, ni mnara wa taa wa Pharos. Matetemeko ya mwaka 1303 na 1323 yaliumaliza, mawe yakaingia baharini, na katika miaka ya 1470 Sultani Qaitbay akajenga ngome pale pale ulipokuwa umesimama. Hapo andika ulianguka, nami nitakupigia makofi.

Najua utanijibu kwamba redio husema "serikali imeanguka". Sawa, hiyo naimeza, maana serikali huangushwa, na kila msikilizaji huuliza na nani. Kwako hakuna wa kuulizwa: mji umejiangukia wenyewe, Octavian kapita njia tu.

Basi andika hivi: "Mwaka 30 KK Octavian aliitwaa Iskandaria ikawa ya dola ya Roma, mwaka 642 ikakabidhiwa kwa Waarabu, na mwaka 1517 Waturuki wakaichukua walipoishinda Misri." Maneno hayajazidi sana, na hakuna wa kumkimbilia maji.

Mwenzako mwambie ameshinda. Asijisifu lakini, za kwake sijaziona.