Kauvimbe ka shingo kamerudi

SWALI: Munganga jambo. Niko mama wa miaka 33, nauzisha vitenge ku soko ya Kadutu, hapa Bukavu. Katikati ya shingo, chini ya kidevu, kulitokea kauvimbe laini kama ndimu, nikipata gripi kanavimba kanauma. Walinipasua wakakatoa, mwaka haikuisha kamerudi palepale. Majirani wanasema goita, shemeji anasema sumu. Ni nini hii?

JIBU: Mama, pole. Ya sumu tumuachie shemeji. Simama mbele ya kioo, fungua kinywa, toa ulimi yote. Kauvimbe kakipanda pamoja na ulimi siyo goita, maana goita inapanda ukimeza, lakini ulimi haiivuti.

Hii inafanana sana na kiste, kafuko kenye maji, ya kuzaliwa nayo. Ukiwa bado mu tumbo ya mama yako tezi ya shingo (tiroidi, ile inavimba mu goita) inaanzia ku mzizi wa ulimi ndipo inashuka mpaka mahali pake, na ile njia ilipitia inapashwa kujifunga, sasa isipojifunga yote kunabaki kipande, kinajaa maji, kinaweza kulala hata miaka 30 mpaka gripi ikiamushe. Watu wanazani ya kuzaliwa ni ya watoto tu, hapana.

Kwa nini kamerudi? Ile njia inapita karibu sana na mfupa mdogo wa hioidi, juu ya koo. Wakitoa kafuko peke yake, mizizi inabaki. Tangu 1920 tunajua namna ya kupasua ya munganga Sistrunk: unatoa kiste, kipande cha katikati cha ule mfupa, na njia mpaka karibu na ulimi. Utakula na kuongea kama kawaida, na kurudi kunakuwa mara chache. Kwa hiyo omba karatasi ya operesheni ya kwanza, uulize: mfupa mulitoa ao hapana?

Lakini kwanza ekografi, waone kama tezi yako ya kweli iko mahali pake, kuna watu kale kauvimbe ndiyo tezi pekee wako nayo, ukiitoa unameza vidonge maisha yote. Kakiwaka moto, antibiyotiki kwanza, kisu baadaye, na mtu wa farmasi ya kartiye asikapasue kutoa usaha! Kenye watatoa kiende labo, kansa inajifichaka humo kwa karibu mtu 1 kati ya 100.

Wenye uvimbe iko kando ya shingo, hiyo ni hesabu ingine: inaweza kuwa kiste pia, ao TB ya ganglioni (vitezi vidogo vya shingo, siyo tiroidi), na ukipita miaka 40 tunaitafutia kansa kwanza, kwa sindano ya kuchukua kipimo na skaneri, mbele ya kuiita kiste.