Maboksi ya soketi yafuate uso wa lipu, siyo uso wa tofali

Mkuu, umeuliza kama fundi wako yuko sahihi kuchimbia maboksi yote yakawa sawasawa na tofali wakati lipu bado haijapigwa. Hayuko sahihi, na msimamishe leo. Wangu nilimwacha aendelee.

Nyumba yangu ni ya tofali za inchi 6. Maboksi ya chuma yalikaa vizuri, yamelingana na tofali, nikafurahi. Akaja fundi wa lipu, akapiga unene wa kama sentimita 2. Siku ya kufunga soketi, skrubu zilizokuja nazo hazikufika kwenye masikio ya boksi, yaani vile vipande vyenye matundu ya kukazia. Wakanunua skrubu ndefu, wakakaza. Kwa nje huoni kasoro yoyote, lakini kwa ndani soketi imeegemea kingo za lipu tu. Soketi ya chumba cha watoto ndiyo tuliyokuwa tunachomekea pasi. Kila ukichomoa, lipu ya nyuma inamong'onyoka kidogo, soketi inaanza kucheza, na waya nazo zinalegea. Waya uliolegea ukibeba mzigo wa pasi unachemka. Jioni moja nikasikia harufu ya plastiki. Nilizima meini, nikafungua: palipobanwa waya mwekundu pamekuwa kahawia, na ganda lake limekunjamana karibu sentimita nzima. Watoto walikuwa wanalala hatua tatu kutoka pale.

Kwa hiyo fundi wa lipu ndiye atangulie kuweka vipimo vyake, vile vipande vya lipu anavyopachika ukutani ili apate unyoofu. Vuteni uzi kutoka kipimo hadi kipimo. Mdomo wa boksi uishie kwenye uzi, au urudi ndani milimita 2 au 3. Usiuvuke, maana boksi likitokeza, soketi haitagusa ukuta.

Jambo jingine ambalo mafundi wengi hawaliangalii ni boksi kupinda. Haya ya bati jembamba, ukiyashindilia saruji pembeni, kuta zake zinaingia ndani na matundu ya skrubu hayalingani tena na ya soketi. Tafuta soketi mbovu, ifunge kwenye boksi kwa skrubu zake wakati wa kuchimbia, weka pimamaji juu yake, na uitoe saruji ikishashika. Lowesha tundu la ukutani kwanza, la sivyo tofali litanyonya maji na saruji haitashika. Kisha jaza boksi karatasi ya mfuko wa saruji ili lipu isiingie kwenye bomba la kupitishia waya.

Kwa soketi chukua boksi la kina cha milimita 35. Lile la 25 liache kwa swichi, kwani waya tatu za milimita za mraba 2.5 zikirudufiwa humo (za kuingia na za kutoka) zinabanana. Na kila boksi la chuma lifungwe kipande cha waya wa ethi (wa kupeleka umeme uliovuja ardhini), wa kijani na njano, kutoka kwenye skrubu yake hadi kwenye soketi.

Kuhusu mifereji ya bomba, asichimbe ya kulala. Waingereza, ambao soketi hizi za pini 3 bapa ni zao, wanakataza mfereji wa kulala kuzidi sehemu moja ya sita ya unene wa ukuta. Kwa ukuta wa inchi 6, yaani sentimita 15, hiyo ni sentimita 2.5, ilhali mfereji wa kusimama unaruhusiwa theluthi, yaani sentimita 5. Na maboksi ya vyumba viwili yasipeane mgongo. Yasogezane walau tofali moja, ukuta usibaki karatasi.

Kazi ya waya mpe mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji ya Tanzania.

Kama ameshachimbia machache, yatindue sasa. Kwenye tofali tupu boksi linatoka kwa tindo na nyundo, na hakuna kingine kinachoharibika. Mimi nilitindua 11 rangi ikiwa imeshakauka.