Ukirudi kazini baada ya kulea, tazama miaka ya katikati ya Youn Yuh-jung

Wengi walimfahamu Youn Yuh-jung mwezi Aprili 2021, alipokuwa mwigizaji wa kwanza kutoka Korea kutwaa tuzo ya Oscar ya uigizaji, akiwa na umri wa miaka 73. Mimi humtaja kwa sababu nyingine kabisa. Kila mama anaponiuliza namna ya kurudi kazini baada ya miaka mingi ya kulea, humwambia aiweke kando ile tuzo na kuitazama miaka ya katikati ya mwanamke huyu.

Alianza televisheni mwaka 1966 katika kituo cha TBC cha Korea. Mwaka 1971 aliigiza katika tamthilia ya kituo kingine, MBC, kama Jang Hui-bin, suria mwenye hila wa kasri la mfalme, na watazamaji walimchukia suria yule hadi wakamchukia na mwigizaji mwenyewe, jambo ambalo kwangu ni sifa kubwa kuliko makofi. Katikati ya miaka ya 1970 aliolewa, akahamia Marekani, akapata watoto wawili wa kiume, na jina lake likapoa. Huko Florida alikuwa keshia wa supamaketi kwa ujira wa dola 2.75 kwa saa.

Aliporudi Korea katika miaka ya 1980 na ndoa yake ikavunjika mwaka 1987, hakukuta kiti chake kikimsubiri. Walikuwapo watazamaji walioona kwamba mwanamke aliyetalikiwa hafai kuonekana kwenye televisheni, na wengine hawakuipenda hata sauti yake yenye mkwaruzo. Alipokea nafasi alizopewa, ndogo kwa kubwa, kwa kuwa watoto walihitaji kula na kusoma, na hajawahi kuona haya kusema kwamba aliigiza kwa ajili ya fedha. Hata siku ya Oscar aliwashukuru wanawe kwa kumfanya atoke nyumbani akafanye kazi.

Mimi ni mhasibu. Niliporudi kazini nilipewa meza ya masurufu, yaani fedha wanazotangulizwa wafanyakazi kwa matumizi ya kazi, na vocha za matumizi madogo, wakati wenzangu niliowaacha kazini walikuwa tayari wanasaini hundi. Risiti nilizoziacha zikiandikwa kwa mkono zilikuwa sasa zinatoka kwenye mashine ya EFD, ile ya kielektroniki ya risiti za kodi. Nikaamua kwamba hakuna vocha itakayopita mezani kwangu bila risiti yake kulingana nayo tarehe, kiasi na jina la mnunuzi, na ilipobainika kwamba dereva mmoja alikuwa akirudishiwa fedha za mafuta mara mbili kwa safari ileile, mkuu wa idara alianza kuniita kwenye vikao vya bajeti. Sikupandishwa cheo kwa haraka, lakini kuanzia hapo nilikuwa na mtu wa kunisemea.

Jambo hilo la mwisho ndilo ninalolisisitiza zaidi. Youn naye alikuwa na mwandishi wa tamthilia Kim Soo-hyun, aliyeijua kazi yake, na ambaye kalamu yake ilimrudisha katika tamthilia zilizotazamwa na taifa zima, kama vile Love and Ambition ya mwaka 1987 na What Is Love iliyoanza mwaka 1991. Kwa hiyo kabla hujatuma barua za maombi kila mahali, watafute watu wawili watatu waliowahi kufanya kazi nawe, uwaambie waziwazi kwamba unahitaji kazi na kwa nini unaihitaji. Mtu anayejua mkono wako atakutetea vizuri kuliko cheti cha miaka iliyopita.

Wapo wanaoniuliza kama si kujidhalilisha kupokea cheo cha chini kuliko kile cha zamani. Inategemea. Youn amesema kwamba baada ya kutimiza miaka 60 ndipo alipoanza kuchagua kazi kwa kuangalia watu atakaofanya nao. Kabla ya hapo bili ndizo zilizochagua. Ila yeye alikuwa akilipwa kwa kila nafasi, ikiisha anakwenda nyingine, ilhali mwajiriwa anaweza kusahaulika kwenye meza ileile mpaka astaafu. Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba wa cheo cha chini, omba iandikwe humo tarehe ambayo cheo na mshahara wako vitapitiwa upya, pamoja na jina la cheo cha atakayevipitia.